Mbio Chini ya Paa: Kwa Miguu Kutoka Mnazi Mmoja Hadi Chang'ombe

Ukishuka kwenye basi pale Mnazi Mmoja siku ya Jumapili asubuhi, ndugu msomaji, kabla maduka ya Kariakoo hayajafungua milango yake yote, utapata jambo ambalo mji huu haukupi siku nyingine za juma: utaiona ardhi. Kuanzia Jumatatu ardhi hiyo hufunikwa na watu, mikokoteni, marobota ya mitumba na magari yanayopakia mizigo ya mikoani, hata mwenye haraka hulazimika kwenda kwa mwendo wa umati. Jumapili asubuhi mtu aweza kukimbia.

Nakuomba twende pamoja kwa miguu, kutoka hapa mpaka uwanja wa zamani wa Taifa kule Chang'ombe. Si safari ndefu. Saa moja na ushei inatosha, na mwenye watoto aje nao. Njiani tutazungumza habari ambayo huenda ikakushangaza kuisikia katika mji wa joto kama wetu, nayo ni riadha ya ndani, yaani mbio zinazokimbiwa ukumbini, chini ya paa, kwenye njia fupi yenye kona nyingi. Nchi yetu haijapata kuwa na ukumbi wa namna hiyo. Hata hivyo Mtanzania mmoja aliwahi kukimbia mita 5,000 chini ya paa kwa muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia kabla yake. Tutamkuta mbele ya safari.

Kwanza tuutazame uwanja huu tuliosimama. Mnazi Mmoja haukuachwa wazi kwa sababu ya upendo kwa michezo. Wakoloni waliuacha uwe ukanda wa kuutenga mji wa Waafrika, Kariakoo, na ule wa maduka na nyumba za Wahindi upande wa bandari. Leo sehemu yake kubwa ni bustani na mahali pa kumbukumbu, na pembeni, Kidongo Chekundu, kulifunguliwa mwaka 2015 viwanja vya michezo vya vijana, ambako mpira wa miguu na wa kikapu ndivyo vinavyotawala. Karibu yake pia kuna ukumbi uliojengwa zama za ukoloni kwa fedha za tajiri wa Kigiriki, George Arnautoglu. Wenyeji wa mji hawakuhangaika na jina hilo. Waliuita Anatoglo, na likakaa. Mikutano, harusi na dansi vimepata paa humo. Mkimbiaji hakuwahi kufikiriwa.

Huko Ulaya na Marekani mambo yalikuwa vingine, na sababu yake ilikuwa baridi. Theluji ikishafunika viwanja, mwanariadha hukaa miezi minne au mitano bila kazi, naye mtazamaji hukaa bila burudani. Novemba 1863, jijini London, vijana walikimbia mbio ukumbini, na miaka mitano baadaye wenzao wa New York wakafanya vivyo hivyo. Wamarekani ndio waliolishika jambo hilo kwa nguvu. Tangu mwaka 1906 walikuwa na ubingwa wa taifa wa riadha ya ndani, uliofanyika katika jumba la Madison Square Garden, katikati kabisa ya jiji la New York. Angalia mahali penyewe: si pembezoni, wala si mashambani. Mfanyakazi alitoka kazini jioni, akala chochote, akaingia ukumbini kutazama mbio kama mwenzake anavyoingia sinema.

Waingereza walikawia. Ubingwa wao wa taifa wa ndani ulianza mwaka 1935 huko Wembley, katika jumba lililokuwa limejengwa mwaka mmoja tu kabla yake kwa ajili ya mashindano ya kuogelea. Wakatandika mbao, wakakimbia juu yake. Vita Kuu ya Pili ikakata uzi huo baada ya mashindano ya mwaka 1939, na haukuungwa tena mpaka 1962. Kisha mwaka 1965 mashindano yakahamishiwa Cosford, kambi ya jeshi la anga, na ukumbi wenyewe, ndugu msomaji, ulikuwa banda la ndege. Ndiyo, banda la ndege. Taifa lenye makasri yasiyohesabika lilimtafuta bingwa wake wa kuruka juu na wa mbio za mita 60 ndani ya banda hilo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, mpaka ulipojengwa ukumbi mpya Birmingham. Mimi hupenda kulikumbuka banda hilo kila nisikiapo mtu akisema kwamba hatuwezi kuanza jambo fulani kwa kuwa jengo la kisasa halijapatikana.

Tuvuke sasa barabara, tuingie Kariakoo.

Jina hili, kama wengi wajuavyo, lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza cha Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kambi yake ilikuwa hapa. Katikati ya mitaa hii iliyonyooka kama daftari la hesabu lipo paa mashuhuri kuliko yote ya mjini: paa la soko. Lilisanifiwa na Mtanzania, marehemu Beda Amuli, na soko likafunguliwa rasmi Desemba 1975. Ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, inayokinga mvua na kuyashusha maji katikati ya nguzo, na chini yake kuna sakafu juu ya sakafu hadi shimoni. Soko hilo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, likajengwa upya. Ulitazame paa hilo, uone jinsi mji huu ulivyoweza kufunika eneo kubwa pale ulipoamua kwamba shughuli fulani inastahili kufunikwa. Biashara ilistahili, sina ugomvi na hilo, kwani tunakula kutokana nayo.

Lakini simama kidogo katika Mtaa wa Kongo, uwape watoto kazi. Wahesabu hatua kubwa sitini kutoka kona moja kuelekea nyingine. Huo ndio urefu wa mbio fupi za ndani. Uwanja wa nje hukimbiwa mita 100, ila ukumbini hakuna nafasi, kwa hiyo hukimbiwa mita 60. Mmarekani Christian Coleman alizimaliza kwa sekunde 6.34 mwaka 2018, muda usiomtosha muuza maji kukurudishia chenji. Mbio ndefu zaidi huzungushwa katika njia ya mita 200, nusu ya ile ya nje, na kona zake huinuliwa upande wa nje kama ukingo wa sinia, ili mkimbiaji asitupwe na mwendo wake mwenyewe. Tufe hurushwa, kuruka juu, kuruka chini na kuruka kwa upondo vyote vimo. Mkuki haumo, wala kisahani, wala nyundo, kwa sababu ambazo mwenye ukumbi atazielewa upesi. Hivyo Theresia Dismas, aliyetuletea medali ya fedha ya mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, asingekuwa na kazi huko.

Huenda utasema: sisi hatuna theluji, paa la nini? Swali ni halali, na miaka iliyopita ningelijibu kwa kucheka. Lakini mji wa leo una majira yake ya kufungia watu ndani, nayo hayatoki mbinguni peke yake. Masika yakianza, bonde la Jangwani hujaa maji ya mto Msimbazi, hata mabasi ya mwendokasi husimamishwa. Jua likirudi, barabara zimejaa magari na vibaraza vimejaa meza za wachuuzi. Mtoto wa Kariakoo anazaliwa ghorofa ya nne, anasoma darasa lenye wanafunzi wengi, anachezea ngazi. Mwenzake wa Karatu au Mbulu anakwenda shule kwa mbio bila kuambiwa na mtu. Basi tusishangae kwamba wakimbiaji wetu wakubwa wametoka huko na si Mtaa wa Sikukuu.

Tuingie Barabara ya Msimbazi, tushuke kuelekea Gerezani. Hapa utapita jengo la Simba. La Yanga liko nyuma yetu, upande wa Jangwani. Klabu hizi mbili zimeushika moyo wa mji kiasi kwamba neno michezo, kwa wengi, maana yake ni hizo mbili tu. Sitaendelea, maana katika familia yoyote maneno hayo huleta mgawanyiko mezani.

Zipo habari zinazopendwa sana kusimuliwa kuhusu Filbert Bayi, na barabara za mji huu ndizo uwanja wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa kijana kutoka Karatu, askari wa jeshi letu akiishi Dar es Salaam, na zoezi lake moja lilikuwa kushindana na mabasi. Basi liliondoka kituoni naye akaondoka nalo. Liliposimama kushusha abiria, alilipita. Likamfuata, wakafukuzana mpaka kituo kingine. Hakuwa na njia ya mpira wala ukumbi. Januari 1973, katika Michezo ya Afrika ya Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1,500. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, aliongoza mbio hizo tangu mlio wa bastola hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, John Walker wa New Zealand aliyemfuata naye aliivunja rekodi ya zamani, wala haikumsaidia. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Bayi akaitwaa na rekodi ya maili kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Wanaoutazama mtindo wake wa kukimbia mbele peke yake bila kuangalia nyuma hustaajabu ulitoka wapi. Mtu aliyezoea kufukuzwa na basi hana sababu ya kugeuka.

Huyu wa pili ndiye niliyekuahidi. Suleiman Nyambui ni mtu wa Majita, mkoa wa Mara, ambaye masomo yalimpeleka Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani. Tarehe 1 Agosti 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, siku moja baada ya Bayi kupata ya kwake katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mpaka Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 medali hizo mbili ndizo zilizokuwa medali zetu zote za Olimpiki. Lakini tarehe 6 Februari 1981 Nyambui aliingia Madison Square Garden, ukumbi ule ule wa jina, ingawa jengo lilikwishabadilishwa. Njia yake ya mbao ilikuwa fupi ajabu: maili moja ilihitaji mizunguko 11. Mita 5,000 zikawa mizunguko kama 34, kona baada ya kona, katika hewa kavu ya ukumbi na kelele zisizo na pa kutokea. Alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 20.4, muda bora kuliko wote uliopata kukimbiwa chini ya paa duniani. Watu wa New York walimtazama kwa karibu, huenda kwa hatua kumi tu kutoka kiti. Sisi wa Dar es Salaam tulipata habari.

Hapo ndipo jambo hili linaponiuma. Mashindano ya dunia ya ndani yalianza Paris mwaka 1985, na hakuna nchi ya Afrika iliyokwisha kuyaandaa. Hilo naweza kulivumilia. Ila mtoto wa mjini kutomwona mkimbiaji mkubwa akipita mbele yake, akasikia pumzi zake na vishindo vya viatu vyake, ni hasara ya nyumbani, na haihitaji kamati ya dunia kuiondoa.

Tumefika Kamata, tugeuke tuifuate Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita ya Pugu. Tazama pande zote mbili: viwanda na maghala. Baadhi yake ni marefu kupita mita 60 na nafasi ya kusimamia ikabaki. Kumbuka Cosford. Sakafu iliyosawazishwa, njia nne zilizochorwa rangi, shimo la mchanga la kurukia, godoro la kuangukia ukutani ili asiyejua kusimama asivunje pua: kwa vitu hivyo shule za Ilala na Temeke zingeweza kushindana hata mvua ikinyesha, na mzazi angefika kwa nauli ya basi moja.

Na sasa Chang'ombe. Huu ndio uwanja wa Taifa wa zamani, uitwao Uhuru, ambamo bendera yetu ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Jirani yake umesimama ule mkubwa uliofunguliwa mwaka 2007, wenye viti elfu sitini, uliopewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020. Siku za mpira hujaa hadi ngazini. Tulipata furaha nyingine ya riadha Septemba 2025, Alphonce Simbu alipoishinda marathoni ya dunia kule Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Mtu aliyekimbia zaidi ya saa mbili akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa kifua, kama wakimbiaji wa mita 60.

Katika eneo hili hili upo pia Uwanja wa Ndani wa Taifa, wa netiboli, ndondi, wavu na kikapu. Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28. Ukibahatika kuukuta mlango wazi, omba ruhusa kwa mlinzi, uwaache watoto wapime kwa hatua, kutoka ukuta mmoja hadi wa pili.