Kinoo Kabla ya Wembe

Watu wa pwani husema mtoto akililia wembe mpe, na maana ya usemi huo haimfichikii mtu: asiyekubali kufunzwa kwa maneno aachwe afunzwe na jeraha lake mwenyewe. Mimi nililia wembe nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi, katika ukumbi wa nyumba ya ami yangu, Mji Mkongwe wa Unguja, na ami, ambaye hakuwa mtu wa kuifuata methali kwa sababu tu ni methali, hakunipa. Alinipa kinoo. "Wembe wenyewe ni hiki, mwanangu," aliniambia, "kile kingine ni chuma tu." Nilikasirika, kwa kuwa nilidhani ananidhihaki, na ilinichukua zaidi ya nusu ya umri wangu kutambua kwamba hakuwa na dhihaka hata chembe.

Ami alikuwa mjalidi. Aliletewa misahafu iliyoachana mgongo, juzuu za watoto wa madrasa zilizolowa mvua, na daftari za hesabu za wenye maduka, naye alizishona upya kwa uzi uliopakwa nta, akazitia gundi ya unga wa ngano, kisha akazivika ngozi. Kwa kazi yote hiyo alikuwa na zana tatu tu za kukatia, wala sikupata kumsikia akitamani ya nne. Ya kwanza ilikuwa kisu cha ngozi, kifupi na kipana, ambacho mhunzi alikifua kutokana na kipande cha msumeno uliokatika. Kwa kisu hicho aliipunguza ngozi unene wake pembezoni, akiilaza juu ya jiwe la marumaru na kuyasukuma makali yakiwa yamekaribia kulala, mpaka ukingo wake ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu na usiweze kufanya uvimbe unapokunjwa juu ya jalada. Ya pili ilikuwa kisu kidogo cha kuchongea kalamu. Ya tatu ilikuwa wembe wa kukunja, wa namna ile ya vinyozi, aliourithi kwa baba yake, nao ulikuwa umenolewa miaka mingi hata upana wake ukabaki nusu.

Kwa miezi kadha wa kadha, kila baada ya sala ya alasiri, kazi yangu ilikuwa moja: kukilowesha kinoo maji, kukiweka juu ya kitambaa kisiteleze, na kukipitisha kisu mbele na nyuma kwa mwinamo usiobadilika, kwanza upande wa jiwe ulio na chenga, kisha upande ulio laini, na mwisho juu ya ukanda wa ngozi uliofungwa kwenye komeo la mlango. Ami hakuitazama mikono yangu, aliisikiliza. Mwinamo ukibadilika sauti nayo hubadilika, na yeye, huku ameinamia ushoni wake, alitamka neno moja tu, "Umepotea," nami nikaanza upya. Nilipodhani nimemaliza alikichukua kisu, akayaelekeza makali kwenye nuru ya mlangoni, na hapo nikafunzwa jambo ambalo wengi washikao visu kila siku hawalijui: makali hayaonekani, kinachoonekana ni ubutu. Mahali palipolika huwa na ubapa mdogo mno unaorudisha nuru, ukatokeza kama uzi mweupe. Na mahali palipo pakali jicho halipati kitu cha kushika. Basi kung'aa, ambako mimi nilikuwa nikikutafuta kwa jasho, ndiko kulikokuwa dalili ya kazi isiyokwisha.

Siku niliyoruhusiwa kukata kitu, kitu chenyewe kilikuwa tete. Madrasani tulikuwa tukiandika kwa kalamu za matete, na kalamu ya tete ni kazi ya mikato minne. Wa kwanza ni mrefu na wa mshazari, unaolifungua tumbo la tete. Wa pili hupunguza mabega yake pande zote mbili. Wa tatu ni ufa mwembamba wa katikati, ambao ndio njia ya wino. Na wa nne, ncha ikiwa imelazwa juu ya kipande cha pembe, hushuka wima mara moja na kuipa ncha upana wake. Mkato huu wa mwisho hutoa mlio mkavu, mmoja tu. Ukisikia miwili, au ukasikia tete likisagika badala ya kukatika, ujue kalamu hiyo itatapika wino juu ya herufi ya kwanza. Niliharibu matete yasiyo na idadi. Kalamu hizo zimetoweka, lakini lugha haikuzisahau, maana hadi leo twasema kuchonga penseli ijapokuwa penseli hutiwa ndani ya kidude na kuzungushwa. Wala si neno hilo peke yake lililosalia: kijembe, kile kiwembe ambacho waumikaji walichanjia ngozi kabla ya kubandika pembe ya chuku, wachache mno wamekiona siku hizi, walakini katika taarabu watu wangali wakipigana vijembe, na aliyechanjwa huijua barabara ncha ilipomwingilia.

Wembe mwembamba wa makali mawili, uliofungwa katika karatasi yake, ulikuwa umekwisha enea madukani kabla sijazaliwa. King C. Gillette wa Marekani alianza kuiuza mashine yake ya kunyolea mwaka 1903, na katika mwaka huo aliuza mashine 51 na nyembe 168, bidhaa ambayo ingeingia yote katika kabati moja la duka la Darajani. Fikira yake ilikuwa nyepesi kama wembe wenyewe, ambao unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita: chuma kisinolewe, kitumiwe mpaka kichoke, kisha kitupwe. Sisi wanafunzi tuliukunja ungali ndani ya karatasi mpaka ukakatika kwa urefu, nusu yangu na nusu ya jirani yangu wa dawati, tukachongea penseli, tukakatia karatasi za vishada, na tukajikata vidole sawasawa. Nilimpelekea ami wembe mmoja kwa fahari ya mtu aliyegundua bahari. Aliushika kwa hadhari, akakata ukurasa ulioning'inia hewani pasipo kuushikilia chini, akakiri kwamba ulikuwa mkali kuliko wa baba yake. Kisha akauliza, "Na ukiisha makali?" Nikamwambia hutupwa. "Hutupwa wapi?" Sikuwa na jawabu, naye hakunidai.

Ami alipofariki dunia nilirithi kinoo na visu vyake, lakini ujalidi sikuurithi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, na saa zangu za faragha nilizitoa kwa kuchonga majahazi madogo ya mfano, mkuku na mbavu za mbao, tanga la marekani, na foromali nyembamba kama njiti. Kazi hiyo ndiyo iliyonikutanisha na kisu cha upasuaji. Rafiki yangu mmoja, tabibu, aliponiona nikihangaika na nusu ya wembe iliyozungushiwa kitambaa, alinizawadia mpini mmoja wa chuma, mwembamba na bapa, na nyembe kumi ndani ya vifuko vya karatasi ya madini. Wapasuaji nao kwa karne nyingi walitegemea visu vya kunolewa. Mwaka 1915 Mmarekani Morgan Parker alipata hataza ya kisu cha sehemu mbili, mpini unaodumu na wembe unaobadilishwa. Na mtu asidhani kwamba wembe wa kinyozi na wa mpasuaji ni koo mbili mbalimbali, maana hata Swann-Morton ya Sheffield, ambayo jina lake limeandikwa juu ya visu vya upasuaji duniani kote, ilipoanzishwa mwaka 1932 ilikuwa ikitengeneza nyembe za kunyolea.

Hapo elimu niliyofunzwa ukumbini ilihama makao. Hapakuwa na la kunoa. Palikuwa na la kuchagua. Mpini namba 3 hupokea nyembe namba 10, 11, 12 na 15, na mpini namba 4, ulio mnene zaidi, hupokea namba 20 hadi 24. Na namba hizi si daraja za ukali, bali ni majina ya maumbo. Namba 11 ni pembetatu yenye ukingo mnyoofu na ncha ya sindano, nayo ndiyo ya karatasi, ya kutoboa madirisha ya jahazi, na ya kukata herufi katika kadibodi. Namba 10 ina tumbo la mviringo, hufaa kwa ngozi na kitambaa, ambako mkono hupita kwa mkato mrefu. Namba 15 ni ndugu yake mdogo, wa kufuata mapindo. Namba 12 imepinda kama mwezi mwandamo, na ijapokuwa mafundi wa karatasi huidharau, mke wangu aliichukua siku ile ile akafumulia mishono ya kanzu, na hakunirudishia tena.

Nilijifunza pia kwa hasara. Nilipata kununua pakiti nzima ya nyembe za X-Acto kwa sababu ziliandikwa namba 11, nikarudi nyumbani nikakuta haziingii katika mpini wangu, kwa kuwa namba hiyo kwao ni hesabu nyingine kabisa. Visu hivyo vina kisa chao: Sundel Doniger, mhamiaji kutoka Poland aliyekaa Marekani, alivibuni katika miaka ya 1930 akiwakusudia wapasuaji, nao wakavikataa kwa kuwa havikusafishika vyema, basi vikaangukia mikononi mwa wachongaji na wachoraji, ambao hawakuwa na haja ya usafi wa namna hiyo, na huko vikapata makazi. Wembe wao ni mnene kidogo, nao hustahimili mti. Ule wa mpasuaji umeumbwa kwa nyama. Ukiupinda upande ndani ya mbao hukatika, na kipande chake huruka pasipo kujali jicho la nani liko karibu. Kwa mti mgumu nilirudi kwenye kisu cha ami cha msumeno, na kwa maboksi na mazulia nilinunua kile kisu cha Kijapani chenye wembe uliotiwa mistari, ambacho Yoshio Okada wa Osaka alikibuni mwaka 1956 akiukumbuka mche wa chokoleti unavyovunjwa kipande kwa kipande: makali yakichoka, unavunja ncha, na nyingine inachomoza.

Katika haya yote kanuni za mkono hazikubadilika. Rula iwe ya chuma, kwani wembe huila ya mti. Vidole viwe nyuma ya makali. Na mkato wa nguvu mmoja ubadilishwe kwa mikato mitatu ya upole, kwa maana anayesukuma sana ni yule ambaye kisu chake kimekwisha kufa naye hajaarifiwa. Hewa yetu ya chumvi nayo ina hukumu yake: nyembe za chuma cha kaboni hudumisha ukali vizuri, lakini ukizitoa katika kifuko ukaziacha mezani Unguja, baada ya siku chache huota madoa ya kutu, nami huzipaka tone la mafuta ya cherahani au, kwa kazi ya mara moja kwa mwezi, hutumia zile za chuma kisichoshika kutu.

Swali la ami lilibaki deni, na nililipa kwa kidole cha mtu mwingine. Jioni moja nilibadilisha wembe, nikauzungushia kipande cha gazeti ule wa zamani, nikautia katika ndoo ya taka. Asubuhi yake mama mmoja aliyekuwa akitusaidia usafi aliukamua mfuko wa taka ili aufunge, na wembe ule, niliokuwa nimeuhesabu kuwa umekwisha, ulipenya gazeti na mfuko ukamfungua kiganja. Wembe uliochoka kwa karatasi haujachoka kwa ngozi ya binadamu. Aliniambia, "Si neno, baba, ajali," na upole wake ulinikata kuliko shutuma. Tangu siku hiyo nina kopo la maziwa ya unga, kifuniko chake kimegandishwa na kupasuliwa ufa mwembamba. Nyembe huingia wala hazitoki, na likijaa rafiki yangu tabibu hulichukua likafuate njia ya sindano za zahanati yake.

Kinoo cha ami kingali dirishani, kimebonyea katikati kama tandiko la punda. Juzi mjukuu wangu wa miaka tisa, aliyekuwa akinitazama nikikata tanga, alinyoosha mkono. "Babu, nipe na mimi." Nilikitazama kinoo, nikaona hakina cha kumfunza kwa kisu kile. Basi nikamvutia kopo, nikampa koleo, na kumwonyesha jinsi ya kuushika wembe kisiginoni, makali yakimwelekea asiyekuwapo, kuuinua kidogo mpaka uachane na mfereji wa mpini, kisha kuusukuma utoke pasipo kidole kuugusa. Nilikuwa nimeweka kando mipini na nyembe zilizochoka, tukazipachika moja baada ya moja ili azitoe. Wa kwanza ulimchukua muda mrefu, ulimi ukiwa umemtoka pembeni mwa mdomo. Ulipoangukia ndani ya kopo ulitoa mlio mmoja, mkavu. Aliniuliza kama sasa anaweza kukata. Nikamwambia bado zimebaki tano.