Kidonda na Maneno Makali

Hapa Kindu sisi vijana tumezoea kuupima ushujaa kwa makovu. Tunasema kwamba mkali ana damu ya moto, na kidonda chake hukauka upesi. Usemi huo tuuchunguze, kwa maana wengi wetu hatuna fedha ya kituo cha afya.

Una chembe ya ukweli. Huko Amboseli, kusini mwa Kenya, wataalamu wamewafuatilia nyani tangu 1971. Mwaka 2012, baada ya kupitia kumbukumbu za miaka 27, walitangaza kwamba madume wa vyeo vya juu, ingawa huishi katika mashindano makali, hupona majeraha upesi kuliko wale wa chini. Mwenye kupenda ugomvi atafurahi kusikia hayo. Lakini nyani dume hana nyumba moja na adui yake.

Mwanadamu anayo. Mnamo 2005 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wenzi wa ndoa, jozi 42. Walilazwa hospitalini mara mbili, na kila mara wakatiwa malengelenge madogo mkononi kwa chombo cha kufyonza ngozi. Mara ya kwanza walizungumza kwa kusaidiana. Mara ya pili walijadili jambo lililowagombanisha. Baada ya nusu saa hiyo ya mabishano, vidonda vilichelewa kupona kwa siku nzima. Na wale waliokuwa wakali mara zote mbili walipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wapole. Wajumbe wa kinga ya mwili, waitwao sitokini, walipungua penye jeraha, mahali walipohitajiwa. Kwa wenzi wakali waliongezeka katika damu asubuhi iliyofuata, na wingi wao humo, ukidumu, hudhuru mwili.

Zingatieni: hakuna aliyepigwa. Maneno yalitosha, tena maneno ya watu waliojua kwamba wanatazamwa.

Siku moja yaweza kuonekana ndogo. Kwa kijana wa hapa asukumaye baiskeli yenye mizigo, mguu ukiwa umechubuka, na kulipwa kwa kila safari, siku moja ni chakula cha jioni cha wadogo zake. Wao hawakuwamo katika ugomvi wa jana usiku.