Aliyetangulia Msituni

Pennsylvania, Desemba

Mjomba,

Huku baridi imekaza, na msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki umefunguliwa. Jirani yangu hunichukua msituni. Yeye na bunduki yake, mimi mikono mitupu. Kulungu wa huku ana mkia mweupe upande wa chini, na dume huangusha pembe kila mwaka zikaota nyingine.

Wewe uliyewinda huko Voi kabla serikali ya Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977 utataka kujua msitu huu ni wa nani. Si wa tajiri yeyote. Kulungu waliwahi kukaribia kwisha, na baadaye, mwaka 1920, jimbo likaanza kununua ardhi kwa fedha za leseni za wawindaji. Leo imefika takriban ekari milioni 1.5. Mwindaji, mchuma uyoga, mtu na mbwa wake, wote huingia. Magari huishia getini. Msimu huu hata asiye na bunduki lazima avae rangi ya chungwa inayong'aa, jumla ya inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni.

Ila sheria haimpangi mtu pa kukaa. Hapo wanategemeana kwa adabu, na adabu yenyewe nimeipenda sana. Alfajiri moja tulifika tukakuta gari la mtu limeegeshwa mwanzo wa njia. Jirani hakuzima hata injini. Akageuza, tukaenda kutafuta kilima kingine, mbali. Aliyetangulia ameamka mapema zaidi, basi bonde ni lake asubuhi hiyo. Ukimpita kwa upande unakotoka upepo, harufu yako inamtangulia kwa mnyama, na kazi yake yote imeharibika.

Siku nyingine tulimwona mzee ameegemea mti, macho bondeni. Jirani alisimama, akainua mkono, akaelekeza kidole upande tuliokusudia. Mzee akatikisa kichwa kukataa, akatuonyesha njia ya nyuma ya kilima. Tukazunguka, mwendo mrefu kwenye theluji, na jirani hakunung'unika. Na mtu akisikia hatua zikimjia, huita kwa sauti ya kawaida. Kupiga mluzi au kuiga mlio wa mnyama ni kujitafutia risasi.

Neno gumu ni kulungu aliyejeruhiwa. Akikimbia na damu kisha akaangushwa na mwingine ng'ambo ya kilima, wengi huku husema ni wa yule ambaye risasi yake ya kwanza ingemuua hata hivyo. Wawili hao hukagua majeraha pamoja, bunduki zikiwa tupu. Mimi naona utaratibu huo ni wa haki, ingawa unahitaji watu wakweli.

Mjomba, enzi zenu mishale miwili ikimpata mnyama mmoja, wazee waliamuaje? Niandikie, nimwambie jirani.

Mpwa wako