Kanda ya Barcelona

Kitabu chetu hiki cha kila mwaka hueleza habari za marhumu wetu, harusi zetu na mapishi ya kwetu. Safari hii naomba ruhusa nieleze habari za mtu asiye wa ukoo wetu wala wa dini yetu, lakini aliyeondoka Unguja mwaka ule ule wa 1964 walioondoka wengi katika wazee wetu. Vijana wanamjua kwa jina la Freddie Mercury. Jina alilozaliwa nalo ni Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, kazaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wao walikwenda Feltham, karibu na London. Sisi tukaishia huku.

Nyimbo zake za kundi la Queen nawaachia wajukuu. Nataka kusema juu ya sahani yake ya pili aliyoitoa nje ya kundi hilo, "Barcelona", ya Oktoba 1988. Ile ya kwanza, "Mr. Bad Guy" ya mwaka 1985, ilikuwa ya kuchezea dansi tu, na sikuipenda. Hii ya pili aliimba na Bibi Montserrat Caballé wa Hispania, mmoja wa waimbaji wakubwa wa opera. Ina nyimbo nane, nazo alizitunga akisaidiana na mpiga piano Mike Moran. Kwa kuwa Bibi Caballé alikuwa na safari nyingi, Bulsara aliziimba mwenyewe sehemu za bibi, kwa sauti nyembamba ya juu, akampelekea kanda ajifunze. Mwanamume mzima mwenye masharubu! Nilicheka, kisha nikamheshimu.

Wakosoaji hawakuwa na kauli moja. Wako wapenzi wa roki walioona amepotea njia, na wako watu wa opera waliomwona mgeni aliyeingia bila ya kupiga hodi. Wimbo wenyewe wa Barcelona ulifika nafasi ya 8 Uingereza mwaka 1987, lakini sahani nzima haikupanda zaidi ya nafasi ya 15. Lawama moja naikubali: pahala pengi pana vinanda vya umeme vinavyojifanya fidla, na sikio lililolelewa na taarabu halidanganyiki kwa fidla.

Lakini ile lawama ya kuwa kazi hii si roki wala si opera ilinichoma. Wakati ule nilikuwa nikisomesha hapa Sib. Mwalimu mwenzangu mmoja, jina lake nalihifadhi, kila nikisema neno la Kiarabu akilirejea kwa kuniigiza, na chumba kizima cha walimu kikicheka. Nikenda Unguja likizo naitwa Mmanga. Basi niliposikia kwamba kitu kilichochanganyika si kitu, nilijua nani anayesemwa. Na taarabu je? Sayyid Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, na juu ya Umisri ule tukatia Kiswahili chetu, ngoma zetu na fidla za Kizungu. Nani leo atakayesema taarabu ni nusu ya kitu?

Shemeji yangu, mtu wa msikitini, ameniambia habari hizi si za kuandikwa kitabuni humu. Najua. Mwaka 2006, ilipotakiwa kufanywa sherehe Unguja ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, watu wa dini waliipinga. Mwendo wake sikuusifu popote. Hesabu ya mja iko kwa Mola wake. Nasifu kazi. Lililoniuma mimi ni jingine: katika nyimbo zote nane, Unguja haimo.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Mwaka uliofuata michezo ya Olimpiki ikafanyika Barcelona, na wimbo ukapanda mpaka nafasi ya 2 Uingereza, mwenyewe hayupo. Mwaka 2012 sahani ikatolewa upya, vinanda vimeondoshwa na okestra ya watu kiasi cha 80 kutoka Prague imewekwa. Mjukuu wangu anaipenda hiyo, na kwa haki ndiyo bora. Mimi bado nasikiliza kanda. Zile fidla za uongo nimeshazizoea.