Kalafati Kwanza, Tanga Baadaye

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii huwa naiona ikitembea kwa miguu mjini Kismayo, ninakofanya kazi ya kutengeneza kompyuta. Mwenye duka la kuchapa karatasi na kupiga picha za pasipoti anaingia na laptopu kwapani. Jana printa ilichapa, leo imegoma. Usiku mashine ilipokea masasisho, na ndani yake mlikuwa na draiva mpya ya printa ambayo hakuna aliyeiomba. Ombi lake huwa moja: "Mwanangu, zizime zote. Sitaki tena sasisho lolote."

Namwelewa. Wateja wako mlangoni na riziki yake iko kwenye printa ile. Ila ombi lake hunitia hofu kuliko printa iliyogoma, kwa sababu anataka kufunga mlango mmoja ambao umepitisha vitu viwili tofauti kabisa.

Draiva ni programu ndogo inayoufanya mfumo wa kompyuta uelewane na kifaa: printa, kadi ya Wi-Fi, spika, kioo. Draiva ya zamani ikiwa inafanya kazi vizuri, mara nyingi hakuna haraka ya kuigusa. Sasisho la usalama lina kazi nyingine. Linaziba tundu ambalo wezi wameshalijua au watalijua karibuni. Tangu 2003 Microsoft hutoa masasisho hayo Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu huwa ni usiku, saa mbili au saa tatu kutegemea majira ya huko Marekani. Tundu likishatangazwa, wabaya nao wanasoma tangazo lile lile. Kuanzia hapo mwenye mashine anashindana nao mbio.

Fundi wa mashua kule kwenye visiwa vya Chula au Koyama hahitaji kuelezwa haya mara mbili. Pamba iliyolowa mafuta ikitoka katikati ya mbao, anatia kalafati kabla chombo hakijashuka majini. Tanga jipya, hata liwe zuri vipi, hulijaribu kwanza karibu na pwani, na lile kuukuu halitupi.

Tatizo la draiva ni zito zaidi kwetu kuliko kwa wenye mashine mpya. Laptopu nyingi tunazotumia zimeshatumika kwingine, na nyingi hupitia Dubai kabla ya kutufikia. Kiwanda kilichoziunda kimekwisha kuzisahau na hakitoi draiva zake tena. Windows inapotafuta draiva inaweza kuleta ya jumla, iliyotengenezwa kwa ajili ya jamaa za kifaa kile na si kwa kifaa chenyewe. Inapowekwa ndipo sauti inapotea au Wi-Fi inakatika.

Wapo wanaoniambia: visiwani intaneti ni haba, virusi vitatoka wapi? Vinatoka mfukoni. Microsoft iliziba tundu moja kubwa tarehe 23 Oktoba 2008, na mwezi uliofuata kirusi kiitwacho Conficker kikaanza kulitumia. Aina zake za baadaye zilisafiri pia kwa flashi. Flashi hupanda mashua pamoja na unga na sukari, ikashuka kisiwani Chovai bila kuulizwa kibali. Mwaka 2017 somo lilirudi kwa ukali zaidi. Sasisho lilitoka 14 Machi, na kirusi kingine, WannaCry, kikafunga mafaili ya watu duniani kote kuanzia 12 Mei. Waliosasisha walikuwa wamepewa karibu miezi miwili ya kujikinga.

Halafu Juni ya mwaka huo huo, meli ikaukata mkongo wa intaneti wa chini ya bahari uitwao EASSy karibu na Mogadishu, na sehemu kubwa ya kusini na kati ya Somalia ikakaa takriban wiki tatu bila intaneti ya kutegemewa. Waziri mhusika alikadiria hasara ya dola milioni 10 kwa siku. Mimi nilijifunza jambo jingine pale: mtu ambaye draiva yake ya Wi-Fi imeharibika hana pa kwenda kuitafuta nyingine. Tangu hapo, mashine ikiwa nzima, nazinakili draiva zake kwenye flashi na kumkabidhi mwenyewe aiweke pamoja na hati za nyumba.

Kutenganisha draiva na masasisho ya usalama si kazi kubwa. Windows ya toleo la Pro ina sera inayoiambia mashine isichanganye draiva na masasisho yake, huku ya usalama yakiendelea kuingia. Draiva mpya ikishaleta balaa, mara nyingi unaweza kuirudisha ya zamani kwenye orodha ya vifaa. Kosa ninalolikuta sana ni watu kuiambia kompyuta kwamba intaneti yao ni ya kulipia kwa kipimo, ili kuokoa bando. Hapo masasisho mengi husimama, na hata ya usalama yanaweza kukwama.

Lakini mpaka kati ya hayo mawili haukunyooka kama mtaro. Julai 2021 lilifichuka tundu la hatari katika sehemu ya Windows inayosimamia uchapaji, na mwezi uliofuata Microsoft ikabana sheria za kuweka draiva za printa. Ofisi nyingi zilisumbuka kuchapa kupitia mtandao. Waliochagua usumbufu ule wakaacha tundu limezibwa walichagua vizuri. Na zipo draiva zenyewe zenye matundu; hizo zikitolewa toleo jipya kwa sababu ya usalama, zisicheleweshwe. Kwa hiyo kabla ya kukubali au kukataa, uliza: hili limekuja kuziba nini?

Swali hilo nimelibeba nje ya meza ya kazi. Sisi Wabajuni tuliyaona ya vita vya 1991 na miaka iliyofuata: nyumba zikaachwa, vyombo vikapotea, watu wakakimbilia Mombasa na kulala kambini Jomvu. Miongoni mwa waliorudi nawajua wazee ambao uchungu uliwafanya wafunge kila mlango. Mshirika mpya wa biashara alikataliwa, na hapo walikuwa na haki ya kusita. Lakini hata mtu aliyekuja kuandikisha watoto shule alikataliwa kwa sauti ile ile. Mmoja alikuja kubadili namna wanavyoishi, mwingine alikuja kuwakinga watoto na ujinga, na wote wawili walirudishwa mlangoni kama mtu mmoja. Siwalaumu hata kidogo. Nasikitika tu kwamba watoto ndio waliolipa.

Mama mwenye duka la kuchapa nilimrudishia draiva yake ya zamani, nikaifungia isibadilishwe, na masasisho ya usalama nikayaacha wazi. Alinuna kidogo, akakubali.

Nawe msomaji, kama laptopu yako bado ina Windows 10, jua kwamba masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza unaokupa muda zaidi: jiandikishe, au tafuta mfumo mwingine unaoendelea kutunzwa, kama Linux. Printa yako ikiwa inachapa, draiva yake iache ilivyo.