Amerika ya Kilatini, Juu na Chini ya Ukuta

Msafiri mwenye lugha moja anaishi raha Amerika ya Kilatini. Jifunze Kihispania cha kuombea maji na kupatana bei, uondoke Mexico ukavuke mpaka baada ya mpaka hadi kusini kabisa mwa Argentina, hutapotea. Brazili itakutoa jasho. Huko ni Kireno, urithi wa mkataba wa Tordesillas wa 1494, Hispania na Ureno walipogawana nchi ambazo nyingi walikuwa hata hawajaziona. Sema Kihispania polepole, Mbrazili atakuelewa. Kazi huanza akikujibu.

Ila "Kilatini" ni nusu ya habari. Nenda Cusco, Peru, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mji ambao ngazi kumi tu zinakukata pumzi. Baada ya kuuteka mwaka 1533, Wahispania walijenga kanisa na nyumba ya watawa ya Santo Domingo juu ya Qorikancha, hekalu la jua la Wainka. Mwaka 1950 tetemeko likaja. Sehemu kubwa ya ujenzi wa wageni ikaporomoka. Kuta za Wainka, mawe yaliyochongwa yakashikana bila chokaa, zikabaki wima. Mimi nilizitazama kuliko madhabahu, Mungu anisamehe. Na soko la San Pedro liko jirani tu: akina mama wa viazi, viazi vyeusi, vya zambarau, vya manjano, wanataniana kwa Kikechua, kisha wanakugeukia kwa Kihispania.

Paragwai wamekwenda mbali zaidi: Kiguarani ni lugha rasmi pamoja na Kihispania, na hata wasio Waguarani wanakisema nyumbani.

Lakini moyo wangu uko Salvador, Bahia. Ulikuwa mji mkuu wa Brazili tangu 1549 hadi 1763, na Waafrika wengi mno walishushwa bandarini pale wakiwa watumwa. Wajukuu zao wamekaa vibarazani leo, magauni meupe mapana, vilemba kichwani, wakikaanga acarajé. Mtu wa Pwani hahitaji maelezo: ni bajia za kunde, asili yake Wayoruba, zimekaangwa kwa mawese, zikapasuliwa na kujazwa kamba. Zetu na chatne ya nazi ni tamu, sibishi. Hizi ni mlo kamili. Foleni ndefu ziko Rio Vermelho jioni. Nenda na njaa, na pilipili uombe kidogo kwanza.