Bongo Mpya, Kichwa cha Zamani

Ndugu msomaji, kama wewe ni mwandishi chipukizi kama mimi, bila shaka umeshaulizwa: "Vipi, riwaya yako imefikia wapi?" Anayeuliza hajui kama unaandika kwenye daftari, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, au kwenye kompyuta ya watu. Yeye anataka kitabu. Lakini sisi wa mikoani tunajua kwamba kabla hujaamua mhusika wako mkuu afe au apone, kuna suala la mashine, umeme na ufunguo wa mlango. Leo naomba niongelee mashine.

Naishi Sumbawanga. Nilimaliza kidato cha nne, chuo sikwenda, ada haikupatikana. Kazi niliyopata ni ya steshenari: kutoa kopi, kuchapa barua za kuomba kazi, kusafisha picha za pasipoti, na msimu wa sherehe kuunganisha video za harusi. Mshahara wenyewe tuuache. Lakini bosi wangu, mama mmoja mwenye roho nzuri na hesabu kali, alinipa kitu kisichokuwemo kwenye makubaliano yetu. Jioni tukishafunga, ufunguo unabaki kwangu, na kompyuta pia. Hapo ndipo riwaya yangu inapoandikwa.

Kompyuta yenyewe ni Dell Precision T3500, mnara mweusi unaokaribia uzito wa debe la mahindi. Aina hii ilitoka mwaka 2009, ikikusudiwa watu wa kazi nzito, wahandisi na wachoraji wa majengo huko majuu. Hii ya kwetu ilizeekea huko, ikaja Dar es Salaam kama mtumba, kisha ikapanda basi hadi huku juu Ufipa. Ndani yake ilikuwa na prosesa ya Xeon W3503 yenye viini viwili tu. Yaani kichwa kikubwa, bongo dogo.

Kasheshe ilikuwa kwenye video. Harusi ya saa moja kwenye kanda iliichukua mashine karibu saa nane kuikamilisha. Na katika saa hizo huwezi kuigusa. Ukifungua hata barua tu, herufi zinatokea moja moja kama mzee anayepanda mlima. Kwetu mavuno yakishaingia ghalani ndipo watu wanaoana, kwa hiyo tangu mwezi wa sita hadi wa tisa kila usiku ulikuwa usiku wa harusi za wengine. Riwaya inalala.

Basi siku moja mwezi wa tatu bosi akaniita. "Mwanangu, hii mashine inakula umeme na wateja wanalalamika. Mwezi huu ukiisha naiuza kwa wa chuma chakavu. Nitanunua laptop, niwe naenda nayo nyumbani."

"Sawa mama," nikajibu. Ningesema nini? Mali ni yake. Lakini wewe msomaji umeshaelewa. Laptop ikienda nyumbani kwa bosi, ufunguo hauna tena kazi mfukoni mwangu.

Swali la bosi, kama kompyuta inalipa, wala si jipya. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka 9 baadaye, 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Watu wazima waliketi wakaona gharama inazidi faida. Kwa hiyo sikumwona bosi wangu kuwa mshamba. Nilichotaka ni kumjibu kwa hesabu.

Nikamwendea fundi mmoja wa mjini hapa, mshikaji wangu japo ananizidi umri. Nikamwambia, "Kaka, nataka tuipe mashine nguvu." Akanitazama.

"Dogo, usibadilishe kitu kabla hujajua ni kipi kinachokuchelewesha. Wengi wananunua prosesa wakati tatizo ni memori. Wengine wananunua memori wakati tatizo ni diski."

Tukaiwasha, tukaipa kipande cha harusi, tukafungua ule ukurasa unaoonyesha kompyuta inavyotumika. Memori ilikuwa imejaa nusu tu. Diski ilikuwa inapumua taratibu. Lakini michoro miwili ya prosesa ilikuwa imegonga dari, mia kwa mia, na haishuki. Mgonjwa alikuwa amejulikana.

Kwa asiyejua, prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Kwenye Kiswahili cha vitabu huitwa kichakato. Nalipenda neno hilo kwa sababu kuchakata ndiko wanakofanya viwandani kwenye mkonge: jani linaingia bichi, linatoka nyuzi. Viini ni wachakataji waliomo ndani. Fikiria mnapukuchua mahindi. Gunia zima mkiwa watu sita mtalimaliza upesi kuliko watu wawili. Lakini hindi moja haliwezi kupukuchuliwa na watu sita kwa pamoja. Video ni gunia, inagawanyika. Kuchapa riwaya ni hindi moja. Kiini kimoja kinatosha, na muda mwingi kinakaa kikisubiri mimi nipate sentensi.

Fundi akanieleza kwamba tundu la prosesa katika mashine hii lina sindano 1,366, na kuna prosesa za mwaka 2010 zinazokaa kwenye tundu hilohilo. Tukachagua Xeon X5650. Ina viini 6, na kila kiini kinaweza kushika kazi mbili kwa wakati mmoja, hivyo kompyuta inaona 12. La kushangaza ni umeme. Ile ya zamani yenye viini viwili imepimwa wati 130, hii yenye sita ni wati 95. Sababu ni kwamba katika ule mwaka mmoja waundaji walipunguza vipimo vya vijisehemu vya ndani kutoka nanomita 45 hadi 32. Nikaiandika hesabu hiyo kwenye karatasi kwa ajili ya bosi.

Zamani prosesa kama hii ilikuwa ya matajiri. Siku hizi maofisi makubwa ya nje yameshazitoa, zinauzwa Kariakoo kama betri za saa. Nikauza gunia moja la mahindi ya nusu eka yangu. Prosesa shilingi 40,000, nauli ya mzigo juu yake. Kifurushi kilipofika na basi, dada yangu alikigeuza mkononi.

"Gunia zima la mahindi, ndiyo haya? Kitu chenyewe kama biskuti!"

"Dada, subiri kwanza."

"Mimi nasubiri. Tumbo lako je?"

Hapo bado kazi ngumu haijaanza. Kompyuta ina programu ndogo ya kuzaliwa nayo, bayosi, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote na kutambua viungo vyote. Bayosi ya mwaka 2009 haikuwa inazijua prosesa za 2010, maana zilikuwa hazijatoka. Ukiweka prosesa mpya bila kuifundisha bayosi kwanza, mashine itakutazama tu kama mgeni asiyejua lugha. Ni lazima uisasishe ukiwa bado na prosesa ya zamani. Na umeme ukikatika katikati ya kuisasisha, bodi nzima inaweza kufa.

Umeme! Wewe wa Dar labda hilo halikushtui. Sisi kwa miaka mingi umeme wetu uliletwa kutoka Zambia, kwa kuwa gridi ya taifa ilikuwa haijatufikia. Na mwezi wa tatu huku Ufipa ni mvua na radi. Tukaazima betri ya akiba ya mchungaji mmoja anayetumia vyombo vya muziki. Fundi hakuiamini kwa macho. Aliichomeka kompyuta humo, akazima umeme wa ukutani kwa makusudi, akashika saa. Mashine ilisimama dakika 11. Bayosi ilihitaji kama tatu. "Sasa twende," akasema.

Zile dakika tatu, msomaji wangu, sikukohoa. Mstari mweupe ulitembea kwenye kioo, nje mvua inapiga bati, na mimi nikifikiria kwamba ndani ya hiyo bodi kuna mali ya bosi, na ndani ya diski kuna kurasa 61 za riwaya. Nakala ya kurasa hizo nilikuwa nayo mfukoni kwenye flashi, lakini flashi haina mlango wala meza ya kukalia. Mstari ukafika mwisho. Mashine ikajizima, ikajiwasha. Fundi akafuta jasho, na huku mwezi wa tatu hakuna joto.

Kubadilisha prosesa yenyewe ni kazi ya utulivu. Tulichomoa waya wa umeme, tukashika chuma cha kasha ili kutoa umeme tuli wa mwilini. Tukafungua skrubu nne za kipoozeo. Vumbi lililotoka hapo ungeweza kupanda mchicha. Tukafuta ile dawa ya kupitishia joto iliyokauka kama ugali wa jana. Tukainua kishikizo, tukatoa ya zamani, tukaishusha mpya bila kuisukuma, pembetatu ya dhahabu ikiangalia alama yake. Ukipinda sindano moja kati ya zile 1,366, umeumia. Tukatia dawa mpya kiasi cha punje ya choroko. Skrubu tukazikaza kwa msalaba, kama nati za tairi la gari, ili uzito usiegemee upande mmoja.

Ikawaka. Kwenye kioo ikaandika jina jipya.

Tukaipa video ya harusi nzima. Saa nane zikawa mbili. Bosi alikuja asubuhi, akaitazama kazi, akaisoma karatasi yangu ya wati, akanyamaza. Halafu akasema, "Basi laptop itasubiri." Gunia langu akalirudisha kidogo kidogo kwenye mshahara.

Sasa usije ukadhani riwaya ilianza kujiandika. Faili langu linafunguka kwa mwendo uleule, kwa sababu diski ni ileile. Ilikuwa ukurasa wa 61 kabla ya prosesa, na asubuhi yake ilikuwa 61. Faida yangu ilitokea kwingine, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Niliiambia programu ya video itumie viini vitano, kimoja iniachie. Harusi ya watu inaendelea kuchakatwa nyuma, mimi naandika mbele, herufi zinakuja bila kukwama. Msimu uliofuata wa mavuno, miezi ileile ambayo riwaya ilikuwa inalala, niliandika sura tatu.

Wazee wa Ufipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Waliyeyusha mawe kwenye malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyojivutia hewa bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo hakikuwa kimekamilika. Walikipeleka kwenye tanuru dogo lenye mivukuto, wakakisafisha kwa moto wa pili, ndipo kikawa jembe. Hawakukitupa kwa kuwa moto wa kwanza haukutosha.

Wenzangu mnaoandika, najua wengi wenu mnangoja. Mnangoja laptop mpya, chumba chenu wenyewe, mjomba wa Ulaya. Mimi nasema fungueni kwanza hicho mlicho nacho, mtafute ni kipi hasa kinachowachelewesha. Pengine si mashine yote. Pengine kinachotakiwa ni kiini kimoja tu kinachobaki chako wakati vingine vitano vinatafuta ugali.

Mimi sasa nipo ukurasa wa 118. Mhusika wangu mkuu bado yu hai.